Paka wa Lamu na Kifua cha Mtoto

Basi lilitufikisha Mokowe, na kutoka hapo hakuna njia ila ya maji. Mashua inapokaribia forodha ya Lamu, msafiri huwaona kwanza wakaazi wa miguu minne: punda waliosimama kwa saburi, na paka waliokaa ukutani wakiwangoja wavuvi. Paka hao ni wembamba, wana miguu mirefu na shingo zilizonyooka. Si wa mtu mmoja, bali ni wa mji.

Ilikuwa Mfunguo Mosi, nami nilikwenda kumwamkia shangazi yangu. Nyumba yake ni ya kale: daka mlangoni, kiwanda kilicho wazi juu, kisha misana inayokitazama kiwanda hicho, isiyokuwa na mlango ila pazia. Humo paka wake hupita atakapo, kuanzia jikoni hadi kitandani.

Usiku ule nilisikia kikohozi. Mjukuu wa shangazi, binti wa miaka saba, alikuwa ameketi akivuta pumzi kwa taabu, na mamaye amemshika mgongo. Alikwisha kupimwa, na daktari alisema kwamba ana pumu na kwamba manyoya ya paka humchochea. Alipotulia, mama yake aliniambia, "Maalim, kesho nitamtia paka huyu guniani, avushwe Mokowe akaachwe huko." Shangazi akajibu, "Mwanangu, paka huyu ameishi nami tangu mume wangu alipofariki." Na yule mtoto, kwa sauti nyembamba, akasema, "Msimtupe kwa ajili yangu."

Wote watatu walinitazama mimi, nami niliona haya. Miaka mingi iliyopita, mwanangu alipobanwa na kifua, nilimchukua paka wa nyumbani nikamwacha sokoni usiku. Sikuuliza mtu. Mtoto aliendelea kukohoa kwa miezi, na paka sikumwona tena. Baadaye ndipo nilipojua sababu. Kinachodhuru hasa si unywele wenyewe, bali ni protini iliyomo katika mate na ngozi ya paka. Hujilamba, mate yakakauka, nayo chembe zake zikapeperuka, zikashika mazulia, magodoro na mapazia. Paka akiondoka leo, chembe hizo huweza kubaki nyumbani kwa miezi kadhaa.

Niliwakumbusha habari ya Abu Qatada, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyemwinamishia paka chombo cha maji apate kunywa. Kabsha, mke wa mwanawe, alipostaajabu, alimweleza kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kuwa paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Niliwakumbusha pia yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula wala kumwacha ajitafutie. Lakini dini hiyohiyo imekataza kudhuru na kudhuriana, na pumzi ya mtoto ni amana iliyo nzito kuliko mapenzi yetu kwa mnyama. Kwa hiyo, daktari akisema paka aondoke, na aondoke. Ila atafutiwe nyumba ya mtu atakayemlisha, asitupwe.

Asubuhi mama alimpeleka mtoto kwa daktari. Daktari alikubali wajaribu kwanza, kwa sharti kwamba dawa ya kuvuta isikosekane, na kwamba kifua kikibana tena paka ahame. Mtoto alihamishiwa chumba cha juu chenye mlango na dirisha, na paka akapigwa marufuku humo, mchana na usiku. Zulia liliondolewa, ukatandikwa mkeka unaopanguswa kwa kitambaa kibichi. Shuka zikawa hufuliwa kila wiki kwa maji ya moto. Zidaka za ukutani, ambazo hukusanya vumbi, zikafutwa badala ya kupigwa ufagio. Paka akapewa kiwanda na dari ya juu, na shangazi ndiye aliyemhudumia. Mtoto alifundishwa kunawa mikono na kutojigusa macho kila alipokuwa karibu naye.

Nilirudi Mfunguo Sita kwa ajili ya Maulidi. Sitasema kwamba mtoto amepona. Pumu haiondoki hivyo, na chupa ya dawa ilikuwa mfukoni mwake. Lakini mama yake aliniambia kwamba usiku hulala. Nilimkuta binti ameketi kwenye ngazi, na paka amelala kiwandani chini yake, kila mmoja kwenye mpaka wake.

Mama msomaji, ukiwa na mtihani kama huu, anza kwa daktari, kisha itazame nyumba yako, na gunia liache. Mwenyezi Mungu awape watoto wetu afya, na atujaalie huruma kwa viumbe vyake. Amin.