Mtembezi Hula Miguu Yake: Bajeti ya Mwezi ya Aishiye Garini

Wahenga waliponena kuwa mtembezi hula miguu yake, hawakuwa wameiona nyumba yenye jiko, kitanda na choo ikivuka majimbo kwa magurudumu. Hata hivyo, hakuna methali inayomfaa zaidi mtu aliyeamua kuishi ndani ya gari mwaka mzima. Nchini Marekani watu wa aina hiyo ni wengi. Wamo wastaafu waliouza nyumba zao ili waione nchi kabla ya macho kufifia. Wamo vijana ambao kazi yao huhitaji tarakilishi na intaneti tu. Wamo pia wale ambao, hasa baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, mshahara au pensheni yao haikuweza tena kulipia paa lisilotembea. Mwaka 2017 mwanahabari Jessica Bruder alichapisha kitabu kiitwacho Nomadland kuhusu kundi hili la mwisho. Filamu ya Chloé Zhao iliyotokana na kitabu hicho ilitoka mwaka 2020, na mwaka uliofuata ikatuzwa Oscar ya filamu bora. Watazamaji wengi walibaki na taswira ya jangwa na machweo. Maisha yenyewe, lakini, huendeshwa na daftari la matumizi, nalo ndilo lenye kustahili kusomwa kwa makini.

Imani iliyoenea ni kwamba aishiye garini ameepukana na kodi ya nyumba. Imani hiyo ina ukweli nusu. Kodi haifi, hubadilika sura tu. Aliyekuwa akimlipa mwenye nyumba sasa humlipa muuza petroli, muuza matairi, fundi na mwenye kiwanja cha kuegesha. Tofauti kubwa ni kwamba kodi ya nyumba ilikuwa na tarehe na kiwango kinachojulikana, ilhali gharama za gari huja kwa vipindi visivyolingana. Ndiyo maana bajeti ya maisha haya haiwezi kunakiliwa kutoka katika bajeti ya mtu wa mjini kwa kulifuta neno "kodi" na kuliandika neno "petroli" mahali pake.

Ili jambo hili lifahamike, na atazamwe mwalimu mstaafu wa kubuni, mjane wa miaka 67, anayeishi peke yake katika gari-nyumba alilokwisha kulilipia. Mwanzoni mwa mwaka 2025 wastani wa malipo ya uzeeni ya Hazina ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani ulikuwa takriban dola 1,976 kwa mwezi. Mwalimu huyu yuko karibu na wastani huo: baada ya kukatwa ada ya Medicare, bima ya afya ya serikali ambayo kwa kawaida huanza mtu atimizapo miaka 65, hubaki na dola 1,800. Takwimu za matumizi zinazofuata ni za mfano wake, si bei za kila mahali. Lakini hesabu yenyewe ndiyo inayowakabili maelfu ya wenzake.

Mwezi wa kwanza, kama ilivyo kwa wageni wengi wa barabara, mwalimu anataka kusafiri. Gari lake hula galoni moja ya petroli kwa kila maili 8, yaani kama kilomita 3.4 kwa lita. Akienda maili 1,000, atahitaji galoni 125. Bei ikiwa dola 3.50 kwa galoni, petroli peke yake itamgharimu dola 438. Kila jioni anaegesha katika kiwanja chenye umeme, maji na mfereji wa maji taka kwa dola 40. Siku 30 ni dola 1,200. Mambo haya mawili tu yamekula dola 1,638 kati ya 1,800. Zimesalia dola 162 za chakula, bima ya gari, simu, dawa na gesi ya kupikia. Mwezi haujafika katikati, na mwalimu ameshaanza kuigusa akiba.

Mwezi wa pili anajifunza kutulia. Viwanja vingi hutoza kwa mwezi bei ya chini sana kuliko jumla ya bei za usiku mmoja mmoja. Anapata pa kukaa mwezi mzima kwa dola 600, pamoja na dola 60 za umeme unaosomwa kwenye mita. Anaendesha kwa shughuli za sokoni tu, maili 160, kwa dola 70 za petroli. Chakula ni 350, bima ya gari 110, simu na intaneti 90, gesi 30, dawa na daktari 100, huduma ya kupokelewa barua 20, na kufua nguo pamoja na vijimambo vingine 50. Jumla ni dola 1,480. Gari ni lilelile, mapato ni yaleyale, na bei za madukani hazikushuka. Kilichopungua ni mwendo. Hapa ndipo siri ya bajeti hii ilipojificha: aliyenunua magurudumu huokoa pesa pale anapoyasimamisha.

Dola 320 zilizosalia zaweza kumdanganya. Mtu asiyeandika angeziita ziada. Aliyezoea kuandika hujua kwamba sehemu yake ina mwenyewe, ila mwenyewe hajabisha hodi. Matairi ya gari-nyumba aghalabu huzeeka kabla ya kulika, kwa kuwa gari husimama juani kwa majuma mengi na mpira hupasuka nyufa. Mafundi wengi hushauri yabadilishwe baada ya miaka 5 hadi 7, hata kama bado yana meno. Matairi sita kwa dola 300 kila moja ni dola 1,800. Likigawanywa kwa miezi 60, deni hilo ni dola 30 kila mwezi. Paa nalo lina viungio vilivyozibwa kwa gundi maalumu ambayo jua huikausha. Asiyelipanda paa lake kulikagua hugundua uvujaji ukuta ukishaoza kwa ndani, na methali ya ufa na ukuta hapo huacha kuwa fumbo. Kuna pampu ya maji, friji, betri, breki na injini. Mwalimu anatenga dola 150 za matengenezo kila mwezi, iwe kuna kilichoharibika au hakuna. Pamoja na matairi, hizo ni 180. Matumizi yamefika dola 1,660, na ziada ya kweli ni 140.

Gharama nyingine haionekani kwa pesa mwanzoni. Mtu asiye na nyumba bado hudaiwa anwani. Leseni ya gari, bima, benki na kodi za serikali zote huuliza anakoishi. Kwa sababu hiyo wasafiri wengi huchagua Texas, Florida au South Dakota kuwa jimbo lao la kisheria. Majimbo hayo hayatozi kodi ya mapato ya jimbo, na yana huduma za kupokea barua na kumfuatishia mtu popote alipo. Katika mji wa Livingston, Texas, chama cha wasafiri kiitwacho Escapees, kilichoasisiwa mwaka 1978, hupokea barua za maelfu ya wanachama ambao wengi wao hawalali hapo. Uamuzi huu huathiri daftari kwa njia nyingi. Bima ya gari hutofautiana jimbo kwa jimbo. Asiyefikia umri wa Medicare aweza kukuta kwamba bima yake ya afya inakubaliwa na madaktari wa jimbo la anwani tu, ilhali yeye anaugua maili 2,000 kutoka huko. Uhuru wa kuishi popote bado una mlango mmoja unaopaswa kuandikwa jina.

Majira ya baridi yakibisha, bajeti hubadilika tena. Wengi hushuka kusini, na wengi wao huelekea Quartzsite, mji mdogo wa jangwani Arizona ambao wakazi wake wa kudumu ni elfu chache tu, lakini hufurika wageni kila Januari. Nje ya mji huo, idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma, Bureau of Land Management, imetenga eneo la La Posa kwa wakaaji wa muda mrefu. Kwa miaka mingi kibali cha msimu mzima, kuanzia tarehe 15 Septemba hadi tarehe 15 Aprili, kilikuwa dola 180. Hiyo ni takriban dola 26 kwa mwezi. Hakuna nyaya za umeme. Kuna maji ya kuchota, mahali pa kumwaga maji taka na mahali pa kutupa takataka. Kwa kiwango hicho, mwalimu aliyekuwa akilipa dola 660 za kiwanja na umeme angeokoa 634. Hata akiongeza dola 100 za gesi na petroli ya jenereta, angebaki na nafuu ya dola 534 kwa mwezi. Ila lazima awe na betri na paneli za sola, azoee kuoga kwa maji haba, na akubali kwamba hospitali kubwa iko mbali. Unafuu wa jangwa hulipwa kwa jasho na kwa tahadhari.

Kutokana na tofauti hizo, mwezi ni kipimo kifupi mno kwa maisha haya. Afadhali kwanza yapangwe matumizi ya mwaka mzima, miezi ya kusafiri, ya kutulia na ya jangwani, kisha jumla igawanywe kwa 12. Aliyepanga hivyo hatatishwa na mwezi wa Aprili anapopanda kaskazini na petroli kumeza mamia ya dola, maana pesa hizo alizitenga Januari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali ya msafiri hupotea upesi zaidi, kwa kuwa hata ushahidi wa ilikopotelea umeachwa nyuma barabarani.

Wapo wanaojaribu kuziba pengo kwa vibarua vya msimu. Mwenyeji wa kambi hupewa pa kuegesha bure, wakati mwingine pamoja na ujira mdogo, kwa kusafisha vyoo na kuwapokea wageni. Mavuno ya viazisukari North Dakota na Minnesota huwaita wafanyakazi kila Oktoba kwa zamu za saa 12. Kuanzia mwaka 2008 kampuni ya Amazon iliendesha mpango wa CamperForce uliowaajiri waishio garini katika maghala yake wakati wa shughuli nyingi za mwisho wa mwaka. Mpango huo umekwisha kufungwa. Funzo lake kwa mpanga bajeti ni bayana. Mapato ya kibarua yasiandikwe katika safu moja na pensheni, kwani pensheni hufuata jina, ilhali kibarua hufuata afya ya mgongo na maamuzi ya mwajiri.

Zinabaki zile dola 140. Ni rahisi kuzitumia kwa maili zaidi, na wengi hufanya hivyo. Lakini upo mstari mmoja ambao bajeti nyingi za barabarani hazina, nao ni fungu la kushuka garini. Gari-nyumba si kama kiwanja au nyumba ya mawe. Thamani yake hupungua tangu siku linapotoka kwa muuzaji. Mwenyewe naye huzeeka. Itafika siku macho hayataona alama za barabarani usiku, au goti halitakanyaga breki ipasavyo. Siku hiyo mwalimu atahitaji malipo ya awali ya chumba, kitanda na vyombo, na gari lake kuukuu halitamnunulia vyote. Dola 140 kwa miezi 12 ni 1,680. Akikaa jangwani miezi mitano na kuweka kila senti ya ile nafuu ya 534, anaongeza 2,670. Mwaka unaisha akiwa na dola 4,350. Si utajiri, lakini ni mlango.

Linda May, mmoja wa watu halisi katika kitabu cha Bruder, aliishi garini akifanya vibarua hivyo hivyo huku akiwa na ndoto moja: kupata ardhi na kujijengea nyumba ya matairi makuukuu yaliyoshindiliwa udongo. Baadaye alinunua kipande cha jangwa huko Arizona. Alikuwa ameelewa kile ambacho daftari la kila aishiye garini lingepaswa kuonyesha, kwamba safari hupangwa pamoja na mwisho wake. Anayetaka kujua kama bajeti yake ya mwezi inatosha asitazame tu kama petroli na chakula vimepatikana. Atafute mstari wa kushuka. Ikiwa una sifuri mwezi baada ya mwezi, basi hata kama mengine yote yamelingana, miguu inaliwa.