Mashine Isiyojua Leo ni Lini

Marehemu baba alituachia vitu viwili visivyofaana kimoja bila ya chenziye: kompyuta ya IBM PC, ya aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1981, na bahasha yenye disketi mbili za inchi 5.25. Juu ya disketi ya kwanza aliandika kwa mkono wake: "Ya kuwashia". Juu ya pili: "Utenzi wa mama yenu". Mimi sikupata kusikia hata ubeti mmoja wa utenzi huo.

Kompyuta ile haina diski ngumu. Kila izimwapo husahau yote, ila maagizo machache iliyozaliwa nayo: jikague, kisha itafute disketi. Ikiipata, husoma sekta ya kwanza, baiti 512 tu, na hizo ndizo ziifunguliazo njia ya kusoma zilizosalia. Ni mfano wa mtoto wa chuoni: huanzia alifu, na kwa alifu hiyo akaifikia juzuu.

Nikatia disketi, nikafunga komeo, nikawasha. Feni ikavuma. Kimya kirefu. Kisha ukalia mlio mmoja mfupi, taa nyekundu ikawaka, na ndani kukasikika mkwaruzo kama wa mtu akunaye nazi chumba cha pili.

Ikaniuliza tarehe. Kwa kuwa haina saa ya betri, yenyewe ilidhani ni tarehe 1 Januari 1980. Nilisita. Siku hiyo baba alikuwa hai, na mama alikuwa hai. Nikaandika tarehe ya kweli.

Nikabadilisha disketi. Beti zikapanda kiooni kwa rangi ya kijani, mizani nane nane, vina vimetulia. Baada ya ubeti wa 17 mkwaruzo ukarudi, ukakawia, na mashine ikauliza: niache, nijaribu tena, au nipuuze? Nilijaribu tena, na tena, hata nikaona haya. Nilipoitoa disketi nikaona koga. Unyevu wa kisiwa chetu ulikuwa umeuvamia utando wa sumaku, nasi tuliihifadhi bahasha kabatini tukidhani tumeitunza.

Disketi ile huchukua kilobaiti 360, yaani beti za utenzi zaidi ya 4,000. Nafasi haikumpungukia baba. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yake ilikuwa na daftari, lakini hapakuwa na wa kulifunua kwa wakati.

Nikazinakili zile 17 kwa kalamu, na jioni nikamsomea dada yangu. Nilipokoma, akainamisha kichwa, kisha akausoma ubeti uliofuata, kwa moyo, pasi na kukwama. "Alikuwa akiumumunya usiku," akasema, "akidhani nimelala."

Tangu hapo nazunguka kwa wazee waliokuwa wakikaa naye barazani, daftari mkononi. Hadi leo nimefika ubeti wa 23.