Wosia wa Jina Lililo Kwenye Chupa

Mwanangu,

Nilipokuomba kalamu na karatasi asubuhi ulidhani nataka kupiga hesabu za ndoo. Hesabu unazijua kunizidi. Nataka kukuandikia jambo ambalo siku hizi nikilianza kwa mdomo kikohozi hulikata katikati, nami sitaki likatike. Mizinga nimekwisha kukuachia, na msitu unaujua mti kwa mti, mtundu na muyombo, mahali nyuki wanapopenda na mahali wanapohama, lakini kilicho kikubwa kuliko mizinga yote bado sijakukabidhi ipasavyo. Ni jina la bibi yako lililo kwenye lebo ya chupa zetu.

Utaniambia, baba, mali ni asali, jina ni maandishi tu. Nami ujanani nilisema hivyo hivyo. Bibi yako alianza kuuza hapa stesheni ya Igalula bila lebo yoyote, asali ikiwa ndani ya chupa kuukuu alizoziosha kwa maji ya moto na kuziziba kwa gunzi la hindi. Treni ikisimama, wasafiri walitoa vichwa madirishani wakamwita yeye, wakazipita chupa za majirani ingawa asali yao ilitoka msitu ule ule. Siri yake ilikuwa ndogo na ya kuchosha: hakurina sega ambalo nyuki hawajalifunika kwa nta, maana asali mbichi ina maji na mwisho wake huchacha, na hakukamua masega yenye watoto wa nyuki pamoja na yale safi ili kuongeza uzito. Alifanya hivyo miaka mingi pasipo mtu kumtazama. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na yeye kweli hakuwahi kujitembeza.

Sasa sikiliza kosa langu, kwa sababu sitaki ulisikie kwa watu nikiwa sipo. Kuna mwaka mvua ilikata mapema, miombo ikatoa maua kidogo, na mimi nilikuwa nimekwisha kuahidi katoni kwa wateja wa Dar es Salaam. Badala ya kuwaambia ukweli, nilinunua asali ya huyu na ya yule bila kuionja wala kuuliza imerinwa lini, nikaichuja, nikaijaza, nikabandika jina la mama yangu. Haikupita miezi mitatu ikaanza kutoa povu, vifuniko vikavimba. Ilinichukua misimu minne kumrudisha mteja mmoja, na wengine hawakurudi hadi leo. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Kabla hujamtafuta mwizi wa jina sokoni, mtafute ndani ya ghala lako, siku ile oda ni kubwa na mizinga ni mitupu. Siku hiyo itakufikia kama ilivyonifikia mimi. Ikifika, pokea aibu ndogo ya kusema “sina”.

Ukiupita mtihani huo, ndipo ujue kwamba asali njema peke yake haitoshi. Babu zetu waliobeba mizigo kati ya Bagamoyo na Tabora, kila mpagazi na frasila zake mbili, yaani kilo 30 na ziada, walileta huku bara nguo nyingi kuliko kitu kingine. Nguo iliyoaminika Unyanyembe yote iliitwa merikani, kwa kuwa ilifumwa Marekani, upande wa Massachusetts, ikaletwa Unguja na merikebu za wafanyabiashara wa Salem, ambao walikwisha kuzoea bandari ile hata kabla ya mkataba wa 1833 kati ya nchi yao na Sayyid Said. Ilikuwa nzito na yenye kudumu, na mtu aliyelipwa kwa nguo alitaka hiyo. Ikaja vita ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, pamba ikaadimika, nguo za Uingereza na baadaye za viwanda vya Bombay zikaziba pengo, nazo zikauzwa kwa jina lile lile la merikani. Waliotengeneza sifa walikuwa wengine, waliokula matunda yake wakawa wengine. Neno limebaki kwenye kamusi zetu kwa maana ya nguo ya pamba isiyotiwa rangi, na anayelitamka hawazi kabisa habari za Salem. Nimelitafakari sana jambo hili nikikaa hapa barazani, reli iliyofika Tabora mwaka 1912 ikipita mbele ya macho yangu juu ya nchi waliyoitembea wale kwa miguu.

Kwetu sisi haikuhitaji vita. Ilitosha roli moja ya lebo. Nilimwamini mnunuzi mmoja wa mjini, nikampa lebo azibandike mwenyewe huko aliko ili kupunguza chupa kuvunjika njiani, na kwa kuwa nilichapisha bila mkataba wowote, mchoro wetu ulibaki kwa mchapaji, akamchapia kila aliyeleta fedha. Nilikuja kuiona chupa yetu katika duka nisilolijua, jina la bibi yako juu, na ndani kuna sukari iliyochemshwa. Niliionja mbele ya mwenye duka na nikashindwa kusema. Nilipokwenda kulalamika niliulizwa swali moja tu: una hati? Sikuwa nayo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi sikuwa na daftari wala hati, nilikuwa na hasira tu.

Kwa hiyo shika haya, hata kama yanachosha. Kusajili jina la biashara ni jambo moja, na kusajili alama ya biashara ni jambo jingine. Yote mawili yako kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, lakini la kwanza linasema tu nani anafanya biashara kwa jina hilo, na la pili ndilo linalokupa haki ya kumzuia mtu asilibandike kwenye asali yake. Msingi wake ni Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Usiombe wakupe maneno “asali safi” au “Tabora” peke yake, maana hayo ni ya kila mrinaji. Omba lile ambalo ni letu tu, jina la bibi yako pamoja na ule mchoro wa mzinga wa gome. Asali imo kundi la 30, ila nta na mishumaa imo kundi la 4, basi ukiamua siku moja kutengeneza mishumaa usidhani hati ya asali itakukinga. Na Zanzibar ina msajili wake na sheria yake. Hati ya Bara haivuki bahari, nawe nimesikia una wateja Unguja.

Maombi yakikubaliwa hutangazwa, na mwenye pingamizi hupewa siku 60. Kumbuka kuwa mlango huo unafunguka pande zote mbili, na mwingine akitangaza jina linalofanana na letu, siku hizo ndizo zako za kusema. Maneno “hakuna matata”, ambayo kila mtoto wa pwani na bara anayatamka, Walt Disney waliyasajili Marekani kwa ajili ya nguo mwaka 2003, na kelele kubwa ya watu ikaja 2018. Fikiria miaka hiyo 15.

Mchapaji wa sasa ametia saini kwamba mchoro ni wetu. Saini hiyo idai kwa kila atakayemfuata, na lebo zilizoharibika zichome, usizitupe jalalani. Ukikuta tena chupa ya uongo, usigombane na mwenye duka, pengine naye ametapeliwa. Inunue, dai risiti, ipige picha, kisha peleka malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo kazi yake mojawapo ni bidhaa bandia. Fanya hivyo polepole na kwa maandishi. Hasira yangu haikunirudishia hata chupa moja.

Najua utateleza. Utachelewa, utamwamini mtu kupita kiasi, pengine hata utajaribiwa kama mimi kwenye ndoo ya jirani. Ukiteleza, usinifiche wala usijifiche. Kama bado niko hai, njoo unieleze, na kama nimelala, nenda kwa mteja mwenyewe, mrudishie fedha yake, mwambie baba yako alikosa hivyo kabla yako. Hakuna kosa la asali litakalokufanya usiwe mwanangu.

Hati tuliyoipata hatimaye imo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, imefungwa pamoja na chupa ya mwisho ya bibi yako yenye gunzi lake. Hati hiyo ni ya miaka 7, na ukiihuisha inakwenda miaka 10 kila mara. Saba yake inaisha mwakani, mwezi wa tatu. Nenda kabla ya msimu wa kurina.