Kikombe na Kura



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja alinisubiri nje ya sakristia pamoja na binti yake, mwanafunzi wa shule ya msingi hapa Butiama. Alikuwa na swali. "Padri, ile chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, dada yake huyu alichomwa mara mbili. Huyu ameambiwa ni mara moja, basi. Wametupunguzia kwa kuwa sisi ni watu wa vijijini, au ndiyo wanatufanyia majaribio?"

Nilimwomba anipe juma moja. Alishangaa, maana watu wamezoea kwamba padri ana jibu la papo hapo. Lakini mimi ninayo sababu ya kuyaogopa majibu ya papo hapo, na leo napenda kuwashirikisha.

Ilikuwa mwaka 2011, nami nilikuwa na miaka miwili tu ya upadre. Nchi nzima ilikuwa ikielekea Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kwa wote kama Babu. Kikombe kimoja cha dawa ya mti wa mugariga kilitolewa kwa shilingi 500, na ilisemwa kwamba kinaponya ukimwi, kisukari na saratani. Magari yalipanga foleni kilometa nyingi, na wapo wagonjwa waliokata roho kabla ya kukifikia kikombe. Huku kwetu Mara nako watu walifunga safari.

Mwanakwaya mmoja wa parokia niliyokuwa nikihudumu, aliyekuwa akitumia dawa za ARV kwa miaka kadhaa, alirudi kutoka huko akaja kuniona. Aliuliza jambo moja tu: "Baba, kikombe nimekunywa. Je, vidonge niendelee navyo?"

Ndugu zangu, jibu nililijua. Lakini niliogopa kuonekana padri mwenye imani haba, tena mbele ya jambo lililoanzia kwa mtumishi wa Mungu wa dhehebu jingine. Nikamwambia: "Mama, mwombe Mungu, naye atakuongoza." Ni maneno mazuri ya kutundika ukutani. Yule mama akaenda nyumbani, akavifungia vidonge kabatini. Kabla ya Noeli niliitwa kumpaka Mafuta Matakatifu. Simlaumu mzee wa Samunge, aliyefariki dunia mwaka 2021. Mama yule hakumwuliza yeye, aliniuliza mimi. Kwa neema ya Mungu ndugu zake walimrudisha kliniki, akaanza dawa upya, na hadi leo anaimba sauti ya pili. Kila ninapomsikia, nalikumbuka jibu langu.

Mwaka uleule wa 2011, mwezi Mei, yalitangazwa matokeo ya utafiti ambao watu wengi hawakuusikia. Ulifanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa upande wetu ilikuwa Hospitali Teule ya Muheza, mkoani Tanga. Kwa miaka mingi madaktari duniani walifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali, ambaye mikono na miguu imepoa kwa kuwa damu haimzunguki vema, atundikiwe dripu na apewe maji mengi kwa haraka. Wengi hawakulitilia shaka jambo hilo. Hata hivyo, kundi la watafiti wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi waliuliza swali ambalo lilionekana kama la mtu asiyejua kazi yake: je, tuna hakika?

Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura. Makundi mawili yalipewa maji ya haraka ya aina mbili tofauti. Kundi la tatu halikupewa, ila lilipata matibabu mengine yote. Baada ya saa 48, katika makundi ya maji ya haraka walikuwa wamefariki takriban 10.5 kati ya kila watoto 100. Katika kundi la tatu walikuwa 7.3. Matibabu yaliyotolewa kwa moyo mwema yalikuwa yakiongeza vifo! Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. (Tafadhali, mama mwenye mtoto anayeharisha asikatae dripu kwa kusoma maneno haya. Watoto wa kuharisha hawakuhusishwa.)

Basi nikaelewa kwamba hata hospitali ina vikombe vyake. Tofauti iko katika kukubali kupimwa. Aliyerudi kutoka Samunge akiwa na nguvu tulimsikia. Aliyezikwa hakuwa na sauti ya kutoa ushuhuda. Ili kujua ukweli, ni lazima kuwahesabu wote wawili, na kuwalinganisha na wale ambao hawakunywa.

Na kwa nini kura? Kwa sababu daktari akichagua mwenyewe, moyo wake utampeleka kuwapa dawa mpya wale wenye nguvu zaidi, nasi tutasifu dawa kwa kazi ya afya njema. Kura haimjui mtu. Mitume nao, walipotafuta wa kushika nafasi ya Yuda, walipiga kura ikamwangukia Mathiya. Naye Danieli, alipokataa chakula cha mfalme, hakubishana: aliomba siku kumi za mboga na maji, kisha nyuso zao zilinganishwe na za vijana wengine. Hakuona kwamba kupimwa kunaipunguza imani yake.

Sasa nirudi kwa mama wa sakristia. Mwaka 2017, Mwanza, ng'ambo tu ya Bunda na Magu, ulianza utafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wenzao wa London. Wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, kwa ridhaa ya wazazi na yao wenyewe, walipigiwa kura: dozi moja, mbili au tatu. Damu yao ilipimwa maabara, na baada ya miaka miwili takriban wote waliopata dozi moja walikuwa bado na kinga dhidi ya aina ya kirusi iliyo hatari kuliko zote. Tafiti nyingine, ikiwemo ya Kenya, zilielekea hukohuko. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja, na mwaka 2024 Tanzania ikafuata.

Kwa hiyo, mama, jibu langu ni hili: majaribio yalikwisha kufanyika, na waliyoyabeba ni mabinti wa kanda yetu hii ya Ziwa. Binti yako hapunjwi. Anarithi walichokitoa wenzake. Na siku ukiombwa wewe kushiriki utafiti, uliza bila woga: nani ameuruhusu, kuna hatari gani, na naweza kujitoa lini? Aliye mkweli hatakasirika.

Nami, nikiulizwa tena kuhusu vidonge, nitasema: endelea navyo, mama, halafu tusali pamoja.