Nyumba ya Kenge Ndani ya Nyumba ya Watu

Tulipowazuru jamaa zetu wa Kisii na Nyamira tuliletewa shauri ambalo hatukupata kuletewa mfano wake. Mpwa wetu, kijana wa miaka 14, alikuwa na kenge. Alimwokota kando ya Mto Kuja angali wa shibiri moja, akamlea kwa panzi na vyura. Sasa mnyama alikuwa amepita dhiraa mbili, na sanduku alimowekwa halikumtosha hata kujigeuza. Baba alitaka auawe kabla hajamaliza vifaranga. Mwana alitaka ajengewe kizimba ndani ya nyumba. Sisi tukaombwa tukate shauri.

Watu wa pwani wengi twamjua kenge kwa misemo tu: kwamba hasikii mpaka aone damu masikioni, na kwamba katika msafara wa mamba naye yumo. Waarabu humwita waral, na kutokana na neno hilo wataalamu wa wanyama wamepata jina lao la Varanus. Kenge wa maji, ambaye ndiye huyu wa Kuja, akikomaa hupita mita moja na nusu, na wengine hufika mbili. Mkia wake bapa ni kasia majini na ni mjeledi nchi kavu. Jike hutoboa kichuguu akataga humo, na mchwa wakaziba tundu, mayai yakahifadhika.

Tukasema: kabla ya kuhukumu, na tuihesabu haki ya mnyama. Tukaketi na kijana pamoja na fundi seremala, tukaandika. Kizimba hupimwa kwa mwili wa kenge aliyekomaa, si kwa mwili wa leo; basi urefu usipungue mita 4, na upana mita 2. Chini patiwe udongo uliochanganywa na mchanga, wenye unyevu, kina cha nusu mita, apate kuchimba. Pawe na birika la maji la kumzamisha mwili mzima, nayo yabadilishwe kila siku, kwa kuwa hujisaidia humohumo. Kuta ziwe za mbao zilizopigwa randa na kioo kinene, kwa sababu waya wa kuku humchubua pua. Mlango uwe na komeo na kufuli, maana meno yake na kucha zake si mchezo wa watoto.

Lililo zito zaidi ni joto. Kenge hana joto la damu yake mwenyewe, huliazima juani. Chini ya taa jiwe lifike nyuzi 50 hivi, na upande wa pili pawe nyuzi 25, ili achague mwenyewe. Fundi alitaja jiwe la sabuni la Tabaka, ambalo hutunza joto, na hilo lilikuwa shauri jema. Taa ifunikwe kwa wavu asiungue, na iwepo nyingine ya miale ya urujuanimno, mifupa isije ikalainika. Lakini mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na usiku wa Nyamira, penye mashamba ya chai, ni wa blanketi mbili. Taa hizo zingewaka kila siku kwa bili ya nyumba, na umeme ukikatika kenge angeganda.

Tulipomaliza, kijana alichukua kamba akapima vyumba. Chumba pekee kilichotosha kilikuwa cha bibi yake. Akaikunja kamba asiseme neno.

Hapo ndipo tulipomkumbusha habari mbili alizozisoma chuoni. Ya kwanza ni ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Ya pili ni ya mtoto Abu Umayr na kindege chake, ambaye Mtume (s.a.w.) alimtania kwa upole wala hakumkataza. Wanazuoni wameona humo kwamba kufuga si kosa. Kosa ni kufunga pasipo kutimiza haki. Kisha iko Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, inayomtaka mtu awe na kibali kabla ya kuweka mnyama wa porini, nasi Waislamu tumeamrishwa kutimiza ahadi za nchi tunamoishi.

Baba tukamwambia kuwa kuua si jawabu, kwani mnyama hakujileta. Kumtupa mtoni nako hatukukuridhia: aliyezoea kulishwa kwa mkono hurudi kwenye mabanda ya watu akauawa kwa mapanga. Maofisa wa KWS waliitwa, wakaja na gunia na glavu, wakamchukua. Kijana alilia waziwazi, na baba yake, aliyekuwa mkali siku zote zile, alimshika bega mpaka gari likapotea. Mbao zilizokwisha nunuliwa zikajenga banda la kuku.

Enyi wazazi, mwanao akija na kiumbe mkononi, msimkaripie wala msimkubalie kwa haraka. Mpeni kamba apime. Huruma isiyopimwa huweza kuwa kifungo, na mtoto aliyejifunza kupima haki ya kenge hatashindwa kesho kupima haki ya mke, ya jirani na ya yatima.

Wabillahi tawfiq.