Moshi wa Jiko la Jirani



Kipupwe chetu hapa Unguja huingia mwezi wa Juni, na ufikapo mwisho wa Agosti huwa kimo njiani kwenda zake. Baridi yake si ya theluji. Hata alfajiri haishuki sana chini ya nyuzi 20. Lakini kwa sisi tuliozoea joto la kaskazi, hiyo yatosha kumfanya mtu ajikunyate. Safu za sala ya Alfajiri hupungua, wazee hujizungushia shali shingoni, na muuza kahawa hupata wateja kabla jua halijatoka. Nami kila mwaka husimama msikitini nikawakumbusha watu fadhila ya kukamilisha udhu kwa maji ya baridi, na kwamba saumu ya siku za baridi ni ngawira isiyo na vita. Hayo ni kweli. Lakini mwaka uliopita nilitambua kuwa nimekuwa nikisomesha nusu ya somo.

Siku hizo upepo wa kusi ulikataa kutulia. Vyombo vidogo vilikuwa vimepandishwa pwani, samaki sokoni wakawa haba, na bei yao haishikiki. Nyumbani kwangu tukanung'unika kwa kuwa tunakula muhogo kwa ng'onda badala ya samaki wabichi. Tukaona huo ndio msiba. Kumbe mwisho wa kipupwe ndio mgumu zaidi kwa mvuvi: akiba imekwisha, na bahari bado haijamfungulia mlango.

Chuoni kwangu alikuwapo mtoto wa miaka tisa hivi, baba yake mvuvi, nyumba yao ya tatu kutoka kwangu. Mtoto huyu akawa anachelewa, na akikaa anasinzia juu ya juzuu yake. Siku ya tatu nikamsimamisha mbele ya wenziwe, nikamwambia, "Wewe usiku huwa unakesha ngomani? Mvivu hahifadhi Kurani." Wenziwe wakacheka. Yeye akainamisha kichwa, asijibu neno.

Jioni ile mke wangu akaniambia, "Maalim, huoni ajabu? Jirani yetu kila magharibi humleta mtoto kuomba kaa la moto. Leo siku ya tatu hajaja, na moshi wa jiko lao siuoni."

Nikachukua kurunzi nikaenda, nikapiga hodi. Nikamkuta bwana amekaa akitengeneza nyavu zake. Kila nililomuuliza alijibu, "Alhamdulillahi." Nilipomshikilia sana ndipo aliponiambia kuwa mwenye duka amefunga daftari la deni hata bahari itulie, na kwamba watoto wamekunywa uji wa asubuhi tu. Nikatupa jicho pembeni. Watoto watatu walikuwa juu ya mkeka mmoja, wamejifunika kanga moja. Wawili wadogo wamefunikwa barabara. Mwanafunzi wangu yuko ukingoni, mgongo nje, macho wazi. Aliponiona akainuka kuniamkia.

"Mbona hukuniambia, ndugu yangu?" nikamuuliza baba yake.

Akanijibu kwa upole, "Maalim, kutoka mlango wangu hadi wako ni hatua thelathini. Na kutoka wako hadi wangu ni hizo hizo."

Chakula na blanketi vilipatikana usiku ule ule. Hilo halikuwa zito. Zito lilikuwa la asubuhi. Mimi mtu niliyekwisha kupita miaka 60, niliyewasomesha hata baba zao hao watoto, nikamwombe radhi mtoto wa miaka tisa! Nafsi ikaniambia: mpe peremende, yatosha. Lakini nilimdhalilisha hadharani, na haki yake ilikuwa hadharani. Nikamsimamisha tena mbele ya wale wale waliomcheka, nikasema, "Mimi mwalimu wenu nimemdhulumu mwenzenu huyu. Nimemwita mvivu bila ya kumuuliza. Mwanangu, niwie radhi."

Chuo kizima kikanyamaza. Akasema kwa sauti ndogo, "Nimekusamehe, maalim." Kisha akafungua juzuu yake akasoma.

Ndugu msomaji, izingatie Sura ya Quraysh. Mwenyezi Mungu amewakumbusha Makureshi safari zao za majira ya baridi na za majira ya joto, kisha akawataka wamwabudu Yeye aliyewalisha wasife njaa na akawapa amani baada ya khofu. Naye Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr kuwa apikapo mchuzi auongeze maji, awaangalie majirani zake. Hakumwambia angoje mpaka waje kuomba. Na mwenye kudai naye ameamrishwa na Kurani ampe muda mdaiwa aliye katika dhiki. Wenye maduka na walikumbuke hilo.

Basi kipupwe kinapokwisha, kabla hujaikunja shali yako ukaitia sandukuni, tazama moshi wa jiko la jirani. Usipouona, usingoje hodi yake. Nenda wewe. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ila akiondoka kitakoni pake akaenda kumtazama.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wenye kuwajua majirani zao, na atusamehe tuliowapita bila ya kuwauliza. Amin.

Wabillahi tawfiq.