Kalemie: Mama mkimbizi wa ndani atafuta karatasi ya makala kabla ya kushika shoka

KALEMIE – Kila siku anapokwenda ofisini, mama huyu huamka kabla ya watoto, hufungua mfuko wa plastiki na kuhesabu karatasi zake. Ni nne. Kadi ya mpiga kura iliyopauka. Jetoni ya msaada iliyokunjika mara nyingi. Barua ya kamati ya kambi yenye muhuri. Na nakala ya barua ya kuomba kibali cha kukata kuni na kuchoma makala. Huzihesabu kwa sababu msimu mmoja mvua iliingia ndani ya kibanda usiku, na asubuhi cheti cha ubatizo cha mtoto mmoja kilikuwa uji.

Jina lake halitajwi hapa. Bado anangoja jibu, na hataki jina limtangulie mezani.

Alitoka upande wa Nyunzu mwaka 2017, wakati wa mapigano yaliyowatenganisha Watwa na Waluba, watu waliokuwa wakiuziana asali, nyama na muhogo katika soko moja. Alifika Kalemie kwa miguu pamoja na mume, watoto watatu na sufuria moja. Kambi za pembeni mwa mji, kama Katanika, Kalunga na Mulange, zilikuwa zimejaa watu wa namna yake. Msaada ulikuja, ukapungua, ukakatika. Mume akaanza kukohoa na hakupona vizuri tena. Mtoto wa nne akazaliwa kambini.

Mtu aliyeacha shamba lake nyuma hufanya nini mjini? Wengine hubeba mizigo bandarini. Wengine hulima kwa siku katika mashamba ya watu. Wengine huanika ndakala za wavuvi. Mama huyu alikwenda msituni. Nyumba karibu zote za Kalemie hupika kwa makala juu ya mbabula, na bukari haiivi kwa maneno. Mnunuzi hakosekani.

Shemeji yake ndiye aliyemfundisha kazi. Unakata magogo, unayapanga, unayafunika kwa majani na udongo, unawasha kwa tundu dogo. Kisha unakesha. Moshi mweupe na mzito maana yake kuni bado zina maji. Moshi ukiwa mwepesi na wa samawati, makala yako karibu. Ukilala, udongo unapasuka, hewa inaingia, na kazi ya wiki nzima inageuka majivu. Hata ikienda vizuri, tanuru la udongo hula sana: kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makala. Yaani sehemu kubwa ya mti huenda na moshi.

Siku aliyokamatwa alikuwa anasukuma kinga yenye magunia mawili. Kwenye kizuizi aliulizwa neno moja: karatasi iko wapi? Hakuwa nayo, wala hakujua kwamba ipo. Magunia yakabaki kizuizini, yeye akarudi kambini akisukuma kinga tupu. Majirani walimpa shauri la kawaida: pita usiku, au pita njia ya nyuma, au uwe na kitu kidogo mkononi. Akalala nalo shauri hilo, na asubuhi akasema hapana. "Nimekimbia risasi," alisema. "Sitakimbia tena kwa ajili ya gunia."

Ndipo alipoanza kuitafuta karatasi.

Sheria yenyewe haijafichwa. Kodi ya Misitu ya Kongo ni sheria nambari 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002. Inasema kwamba watu wanaoishi ndani ya msitu au karibu nao wana haki ya kuutumia kwa mahitaji ya nyumbani, kwa kufuata mila na desturi za mahali pale. Kuni za kupikia, miti ya kujengea kibanda, dawa, uyoga: hayo ni matumizi ya nyumbani. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba kilichochukuliwa kwa haki hiyo hakiuzwi, isipokuwa matunda na mazao fulani ambayo gavana wa jimbo ameyaweka kwenye orodha. Anayetaka kukata kuni na kuchoma makala ya kuuza aombe kibali.

Kwa mwenye kijiji chake, mambo yako wazi. Msitu ni wa mababu zake, chefu anamjua, mila ni yake. Kwa mkimbizi wa ndani, neno "desturi za mahali pale" ni mlango uliofungwa. Desturi zake ziko Nyunzu. Msitu ulio karibu naye ni wa watu wengine.

Mama alianza kwa chefu wa kijiji kilicho karibu na msitu. Alikwenda na kuku, kama inavyotakiwa. Chefu ni mzee, hasikii vizuri sikio moja, na alimwacha aongee mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "mlipokuja tuliwapa maji. Tuliwapa na mahali pa kulima. Kisha watu wakaingia usiku na kukata miti yangu ya asali. Sijui kama ni watu wa kambi, au ni watu wa mjini wenye malori. Usiku mashoka yote yanalia sauti moja."

"Ndiyo maana nimekuja mchana, Papa Chefu," mama akajibu.

Mzee akacheka. Hakutoa ruhusa siku hiyo, lakini kuku alipokelewa, na kwa mila hiyo ni nusu ya jibu.

Ofisini mambo yalikuwa mengine. Karani alitazama kadi ya mpiga kura. Imeandikwa Nyunzu. Alitazama barua ya kamati ya kambi. Imeandikwa kwamba mwenye barua ni mkimbizi wa ndani. Akauliza: "Mama, wewe ni wa wapi?"

Ukimuuliza mtu wa kambi swali hilo, hujamuuliza kitu kidogo. Akisema ni wa Nyunzu, ataambiwa akaombe msitu huko Nyunzu, ambako nyumba yake ilichomwa. Akisema ni wa Kalemie, kadi itamwita mwongo. Mama akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Mtoto wangu wa mwisho amezaliwa hapa na anasoma hapa. Yeye ni wa wapi?"

Karani hakuwa mtu mbaya. Hakuomba kitu. Alinyoosha kidole dirishani kuelekea vilima vya nyuma ya mji, vyenye nyasi na visiki. "Mama, kila anayekuja hapa anasema ni gunia moja tu," akasema. "Angalia magunia hayo yalikotoka."

Na hapo alikuwa na haki. Kilima kikivuliwa miti, mvua hushusha udongo. Udongo huingia mitoni na mito huingia ziwani. Matope hufunika mawe ya ukingoni ambako samaki wengi wa Tanganyika hutaga na kula. Mvuvi asiyewahi kushika shoka hulipa makala ya mtu mwingine. Watu wa Kalemie hawahitaji kuelezwa maji yakikasirika yanafanya nini: mwaka 2024 ziwa lilipanda mpaka likaingia nyumba za mwambao, na familia ambazo hazijawahi kukimbia vita zikajua nazo maana ya kuhama na godoro kichwani.

Kwa hiyo kanuni ya kulinda msitu si adui. Shida ni swali lake la kwanza.

Aliyelisema hilo bila kujua ni kijana wa mama huyo, anayesoma sekondari. Jioni moja, mama akichambua sombe, kijana alimsimulia somo la jiografia. Mwalimu aliwaambia habari za Antaktika, nchi ya barafu kwenye ncha ya kusini ya dunia. Huko hakuna kijiji wala kabila. Mwaka 1959 nchi 12 zilitia sahihi mkataba kwamba eneo hilo litumike kwa amani. Kisha tarehe 4 Oktoba 1991, mjini Madrid, zikaongezwa kanuni kali za kulinda mazingira yake, zilizoanza kufanya kazi mwaka 1998. Mtaalamu anayetaka kwenda kupima barafu, au mtu anayetaka kuvuka kwa miguu mpaka ncha yenyewe, hafungi safari hivi hivi. Anaomba kwanza.

"Na chefu wa huko ni nani?" mama akauliza.

"Hakuna chefu."

"Sasa wanamwomba nani?"

"Kila mtu anaomba kwa serikali ya nchi yake."

Mama akaona ni jambo la ajabu: msitu usio na mwenyewe, na bado watu wanabisha hodi. Akauliza wanaulizwa nini. Kijana akaeleza kama alivyofundishwa. Unaeleza utafanya nini, mahali gani, kwa siku ngapi. Unaeleza kazi yako itaharibu nini, na kama madhara ni makubwa unaandika uchunguzi mrefu zaidi. Huwezi kumgusa ndege wala mnyama wa huko bila kibali. Sehemu kubwa ya takataka zako unarudi nazo. Hata mbwa wa kuvuta sleji, waliowasaidia wasafiri miaka mingi, waliamriwa waondolewe kabla ya Aprili 1994, kwa kuwa ni wageni na wangeweza kuwaambukiza wanyama wa huko magonjwa.

"Hata mbwa wamefukuzwa!" mama akasema, na nyumba nzima ikacheka.

Lakini usiku hakupata usingizi haraka. Huko, kwa kuwa hakuna mtu aliye wa pale, swali la kwanza si "wewe ni wa wapi". Ni "utafanya nini, na utaacha nini nyuma yako". Swali hilo hata mtu aliyepoteza kijiji anaweza kulijibu.

Kesho yake barua iliandikwa upya. Mama alisema kwa Kiswahili, kijana akaandika kwa Kifaransa. Barua ya kwanza ilikuwa imeomba huruma: vita, mume mgonjwa, watoto wanne. Ya pili ilitaja kazi. Wanawake kumi, watano wa kambi na watano wa kijiji. Sehemu moja iliyoonyeshwa na chefu, yenye mipaka ya mto na njia. Miti ya asali, ya matunda na ile ya kando ya mto haiguswi. Miti mingine inakatwa chini, na visiki having'olewi, kwa sababu miti mingi ya miombo huchipua tena kwenye kisiki ikiachwa na isipochomwa na moto wa nyika. Matanuru yanajengwa mbali na nyasi ndefu, na watu wawili wanakesha kila usiku. Mwaka unaofuata kundi linahamia sehemu nyingine, na ile ya kwanza inapumzika.

Chefu alisomewa barua hiyo mara mbili, kwa sikio linalosikia. Alitaka jambo moja liongezwe: kwamba mtu wa kijiji na mtu wa kambi watahesabu visiki pamoja. Likaongezwa. Akaweka kidole gumba. Kisha akasema kwamba ni mara ya kwanza mtu wa kambi kumletea mpango badala ya ombi.

Karani aliipokea, akaisoma yote, akaigonga muhuri wa kupokelewa. Kuhusu kadi ya Nyunzu alisema itabidi wakubwa waamue. Hilo ndilo lililobaki, na si dogo. Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, uliopitishwa Oktoba 2009 kwa ajili ya wakimbizi wa ndani, unadai mambo mawili kwa pamoja: kwamba Leta iwaandikishe na kuwapa hati wanazohitaji ili wafurahie haki zao, na kwamba mazingira ya mahali walipokimbilia yalindwe yasiharibike. Mkataba hausemi uchague moja. Mama aliyebeba barua na karani aliyeonyesha kilima kila mmoja ameshika upande wake wa mkataba huo.

Wakati wa kungoja si wa bure. Wale wanawake watano wa kambi wanalima kwa siku katika mashamba ya wale watano wa kijiji, na wanalipwa kwa muhogo. Shoka liko chini ya kitanda, limefungwa kwa kitambaa. Shemeji ameshapita kwenye kizuizi usiku mara mbili na kuuza magunia yake. Anamcheka mama kwamba karatasi haichemshi maji. Mama hamjibu. Mume pia, siku kikohozi kinapombana na hakuna pesa ya dawa, humuuliza mpaka lini. Hilo ndilo swali linalomuuma, na hana jibu lake.

Wiki iliyopita alirudi tena ofisini. Aliambiwa arudi Jumatatu. Akauliza Jumatatu ipi, na karani, baada ya kufikiri kidogo, akaandika tarehe kwa kalamu pembeni mwa nakala yake. Mama akairudisha ndani ya mfuko wa plastiki, akafunga fundo mbili, akashika njia ya kambi kabla ya mvua.